Radhi ya Bibi

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alikuwa mtu wa kusoma kamusi mezani wenzake wanapokula. Mungu alimpa sauti nzuri, akamnyima cha maana cha kusema nayo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilimtoa bibi yangu Ambondrona, kisiwani Nosy Be, nikamleta mji wa bandari wa Mahajanga, katika nyumba ya shemeji tulimokuwa tukiishi. Kwetu Kiswahili cha wazee wafanyabiashara kilikuwa kimebaki maneno machache tu: ya dini, ya bahari, na hilo moja la kumwitia yeye, bibi. Kila asubuhi wanangu walimpa mikono wakisema, "Kwezi, bibi," shikamoo ya Wakomoro iliyozoeleka kwetu, naye akajibu, "Mbona," yaani marahaba. Baada ya salamu hiyo ndipo walipopewa uji.

Shemeji akalipiga marufuku neno bibi. Kwa Kimalagasi, alisema, bibi ni mnyama. Kwa Kifaransa ni kikofia cha wanawake. Akatuonyesha kwa kidole kwenye kamusi zake, kisha akahitimisha kwamba maneno yote matatu yana shina moja, na shina lenyewe ni tusi. Upuuzi mtupu. Letu lilikuja na wafanyabiashara kutoka Uajemi na India, la Wamalagasi ni lao wenyewe, na Wafaransa na kofia zao mimi siwajui. Maneno hukutana kama abiria wa kivuko cha Katsepy. Kukaa benchi moja si kuzaliwa tumbo moja.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Wakomoro walikuwa wameuawa mjini, wengi wamekimbia, naye hakutaka jirani asikie neno la kigeni dirishani kwake. Woga ningeuelewa, maana sote tuliogopa. Lakini mwanamume anayeuvika woga wake kilemba cha elimu hunitia kichefuchefu. Akawafundisha watoto waseme "dady", kama majirani wanavyowaita nyanya zao, na aliyeteleza akakosa uji. Dady ni neno zuri, ila halikuwa la bibi. Bibi hakulalamika. Aliacha tu kukaa nasi mezani, akawa anakula chumbani peke yake.

Miaka ikapita, hofu ikapoa, na asili ya pwani ikawa kitu cha kujivunia. Shemeji akajaliwa safari ya Maka. Kwetu hakuna anayekwenda kuhiji bila kuzunguka kwa wakubwa kuomba radhi, na mkubwa wa nyumba alikuwa bibi. Akaja na kanzu mpya, wageni wa msikitini wakimfuata nyuma, akapiga goti mlangoni pa chumba cha bibi.

"Bibi," alisema kwa sauti yake ile nzuri, "naomba radhi yako."

Bibi aliendelea kuchagua mchele.

"Anza kwa wale watoto uliowanyima uji," alisema. "Ukishamaliza, njoo nikupe."

Watoto walikuwa pale pale, wamekua, wamesimama nyuma ya wageni. Kilichotakiwa ni kugeuka tu. Shemeji alicheka, akawaambia wageni kwamba uzee umemvuruga akili mama wa watu, kisha akainuka na kupangusa goti la kanzu.

Bibi alifariki shemeji akiwa Maka. Aliporudi alilia kwa sauti kuliko sisi wafiwa, akagawa tende. Siku hizi ukimwita bila kutanguliza "Haji" hageuki. Mimi namwita shemeji tu, naye hajathubutu kunisahihisha.