Lugha Isiyotaka Akiba

Mke wangu hutengeneza tovuti, na tangu tuoane ameshazika lugha tatu. Sisemi lugha za watu, nasema zile za kuandikia programu za kompyuta. Akiizoea moja mpaka vidole vinatembea vyenyewe, wenzake kazini wanaanza kuicheka kwamba imezeeka. Mimi ni fundi cherehani. Mkasi wangu haujapitwa na wakati, na siku nyingine hilo hunipa kiburi cha bure.

Safari hii lugha ni changa kweli, haijaota hata meno, lakini ofisi nzima imeshaipenda. Meneja akawaambia kila mmoja aandike upya ukurasa wa oda kwa lugha hiyo kabla ya Ijumaa. Atakayeweza atabaki. Atakayeshindwa atapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri.

Mke wangu akahamia kwenye meza yangu ya kukatia, katikati ya vitambaa, maana sebuleni watoto hawashikiki. Kila akijaribu, kompyuta inamkatalia.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Kuna jina huwa naliweka kila ukurasa, kama kisanduku kitupu. Akiba. Halina kazi, ila mteja akibadili mawazo, na lazima abadili, nina pa kuanzia. Lugha za zamani zilikuwa zinanyamaza tu. Hii ukitaja jina usilitumie, inagoma kazi nzima."

"Ina gubu kama mama mkwe."

"Mama mkwe yupi?"

Nikarudi kwenye mshono wangu.

Akaifuta akiba, mkono ukairudisha wenyewe, akaifuta tena. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika. Mtu ana mvi kichwani na bado anarudishwa darasa la kwanza kila watu wakichoka na walichonacho.

Ijumaa alirudi mapema, akavua viatu, akakaa juu ya sare za shule nilizokwisha kuzipiga pasi. Nikajua mambo yameharibika. Nikamwambia pole, cherehani ipo, hatutalala njaa, wewe pumzika kwanza.

"Nimeweza," akasema. "Wamenipigia makofi. Meneja anataka niwafundishe wengine."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

Machozi yakamtoka bila sauti.

"Nilikuwa naomba nishindwe, baba watoto."

Nikakaa pembeni yake, juu ya sare zile zile.

"Hayo uliyokuwa unasema," akaniambia, "ya kupumzika. Hebu yaseme tena."