Shamsia Aliyefundisha Watu Kukaa Kitako

Wifi yangu Shamsia hajui kunyamaza, na mimi sijui kungoja, kwa hiyo hebu niseme upesi kabla hajanidakia. Mwaka 1998 alikuwa akifua mashuka ya hoteli hapa Saint Paul ughaibuni, yeye aliyekuwa mwalimu Mombasa miaka tisa! Ndipo shirika moja likamchukua kwa Jumamosi sita: awafunze wasimamizi wanane wa vilabu vya vijana, waliokuwa wanakwenda kujitolea Tunis na Marseille, wakaishi na watu wa dini na desturi nyingine. Bwana Harrison, mkubwa wa shirika, alimwambia wazi kwamba mafunzo yakifaa, atakwenda nao awe mkufunzi wao mwaka mzima. Yasipofaa, basi tena. Wallahi, Shamsia aliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakimpiti.

Unajua alivyowafunza? Aliwaleta nyumbani kwangu Fridley, mji wa jirani, bila daftari wala kalamu. "Leo nyinyi ni wageni wa Bi Swafiya," akawaambia, akinionyesha mimi. "Kazi yenu ni kukaa."

Ala! Wale watu kukaa hawawezi! Careen, msichana hodari kuliko wote, alimaliza chai akaingia jikoni kwangu kusugua sufuria. Nikavimba. Mgeni wa siku ya kwanza anisugulie sufuria, kwani nimemwambia nyumba yangu chafu? Shamsia akamrudisha kwa mkono. "Hajakuomba. Kaa naye umjue kwanza. Akitaka kitu atakwambia."

Jumamosi ya tano Harrison akaja kukagua. Akawakuta mkekani wanakula mahamri, wananiuliza habari za mamangu. "Asubuhi nzima chai tu? Mafunzo yako wapi?" Akasema wiki ijayo atamleta Bwana Hilal, mwenyeji wao wa Tunis, yeye ndiye aamue. Wiki ile Shamsia alinyamaza. Shamsia kunyamaza! Niliogopa kweli.

Siku ikafika. Hilal akaketi, akawauliza, "Haya, mnakuja kutufanyia nini?"

Harrison alikuwa amewapa orodha: kupaka shule rangi, kufundisha Kiingereza, kulima bustani. Careen alikuwa nayo mkononi. Akaikunja, akaiweka chini.

"Bado hatujui," akasema. "Tutakaa nanyi kwanza, halafu mtatwambia."

Hilal akacheka mpaka akajipiga paja. "Miaka saba napokea wageni, wanafungua makopo ya rangi hata sijawakaribisha! Nani kawafunza hawa?"

Wote wanane wakamwonyesha Shamsia. Harrison, tusimseme vibaya, ni muungwana, akamgeukia palepale. "Jiandae. Unakwenda nao."

Vigelegele nilivyopiga! Shamsia analia huku anacheka, kanishika shingo utadhani ataninyonga. Jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa ufagio. Mwache agonge! Wifi yangu anakwenda Tunis, na anakwenda kufundisha!