Mtani wa Mti Usio na Jina

Mjini Morogoro wameshafungua maduka. Huku Lubwe, kijiji kilichojibanza kwenye bega la milima ya Uluguru, ukungu bado umeketi kama mwenye nyumba.

Chini ya mti mmoja mnene, mwanamke mwembamba anakaza mkanda kiunoni, anaivuta kamba kuijaribu, kisha ananong'ona, "Bismillahi." Anainua uso kuelekea juu. Halafu anaanza kutukana.

"Nyie wazee mliolala humu! Mlikuwa wachoyo mkiwa hai, mmekufa na uchoyo wenu! Nakuja kuchukua ua. Asiyetaka, ainuke anizuie!"

Kutoka ukingoni mwa kichaka, sauti ya bibi kizee inamjibu kwa furaha isiyofichika.

"Panda, mwizi wewe! Tangu lini nyani akapiga hodi shambani?"

Anayetukana ni Mwaisha Mwinjuma, mkazi wa Bigwa. Anayejibu ni Bibi Mosi, mkubwa wa ukoo unaomiliki kichaka hiki, ambamo wamezikwa wakuu wa ukoo huo tangu zamani. Hakuna aliyekasirika. Bila matusi hayo, kazi ya leo isingefanyika.

Kazi ya Mwaisha ni kupanda miti. Watafiti wa mimea wanapotaka majani, maua au matunda yaliyo juu kuliko mikono na ngazi zao, wanamtafuta yeye. Kwa siku ya kupanda hupata shilingi elfu arobaini. Siku hizo si nyingi, na zilizobaki analima mchicha na kabichi kwenye kipande cha mteremko nyuma ya nyumba yake.

Kupanda hakufundishwa darasani. Alikulia kwenye mikarafuu ya bibi yake upande wa Matombo, ambako mtoto aliyeogopa kwenda juu alilala amekasirikiwa. Akiwa msichana, tawi lilimkatikia, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Ulipounga akapanda tena.

"Mti haukutupi," anasema. "Unajitupa mwenyewe kwa haraka zako. Mimi nikifika tawi jipya nalisalimia kwanza kwa mguu. Likinijibu vibaya, narudi."

Mti wa leo ni habari nyingine. Haujulikani na wataalamu popote duniani, au angalau ndivyo anavyoamini Daktari Grace, mtafiti wa mimea mwenye asili ya Gairo ambaye Mwaisha amefanya naye kazi kwa miaka mingi. Daktari aliuona kwa mara ya kwanza akiwa ng'ambo ya bonde, kwa darubini. Majani yake hayakufanana na ya mti wowote aliousoma.

Lakini sayansi haimpi mti jina kwa majani peke yake. Inataka ua likiwa bado kwenye tawi lake. Na mti huu huchanua mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, kwa siku chache tu.

Mwaka jana walizikosa siku hizo wakiwa papa hapa, mikono mitupu.

Vibali vyote vilikuwepo, cha wilaya na cha kijiji. Daktari Grace, kwa adabu, akaona asije mgeni kukata tawi kwenye makaburi ya watu. Akamwomba Fidelis, kijana wa ukoo huohuo aliyekuwa akiwaongoza njia, apande akate yeye. Mtoto wa nyumbani, akasema, ndiye mwenye haki.

Fidelis aliuinua mkasi, akaushusha.

"Nilimwambia, Daktari, mimi ndiye wa mwisho kabisa kugusa humu," anakumbuka Fidelis, akicheka sasa. "Hata jani lililoanguka sisi hatulitoi. Nikikata kijiti, wajomba zangu watanila mzima."

Habari zilipofika kwa Bibi Mosi kwamba mwana wa ukoo ameambiwa awakate wazee wake, kichaka kikafungwa. Maua yakapukutika yakaoza, na mwaka mzima ukaenda nayo.

Baadaye Daktari Grace alipanda tena mlima, bila mkasi wala kibali, kuomba radhi. Bibi Mosi alimpokea, akamkaribisha uji, kisha akamuuliza swali.

"Jina la nini, mwanangu? Sisi tunasema 'ule pale', na wote tunageuka. Kitu kisichopotea, kukiita ya nini?"

"Misitu inapotea, bibi," alijibu Daktari. "Kitu kisicho na jina kikifa, hakuna anayejua kwamba kuna msiba."

Bibi Mosi alimwongezea uji. Lakini mila ni mila. Mwenye kichaka hakati, na mgeni haingii.

Mlango ulifunguliwa na kifo. Miezi michache iliyopita alifariki mzee mmoja wa Lubwe, na Mwaisha akaja msibani. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na ukoo wa mama yake Mwaisha na ukoo wa Bibi Mosi ni watani, wa kutukanana na kuibiana bila kinyongo, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Basi akafanya ambalo mtani hufanya. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, akaruka ndani, akajilaza chali.

"Hapa nimepanga!" akapaza sauti. "Maiti wenu atafute kwingine, au mnilipe nihame!"

Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko. Akapewa kuku, akatoka akijipangusa udongo. Ndipo Bibi Mosi akamrushia neno.

"Nyie watani hamna haya. Mnatunyang'anya hata kaburi lenye wenyewe, halafu kichaka mnakiogopa!"

Mwaisha akasimama na kuku wake kwapani.

"Bibi, rudia."

"Nimesema mnakiogopa!"

"Kwa hiyo nikiingia nikaiba?"

Bibi Mosi akamtazama, naye akaanza kuelewa alichokisema. "Mtani akiiba," akasema polepole, "nani wa kumshtaki?"

Ndiyo maana leo Daktari Grace na Fidelis wako nje ya kichaka, pembeni ya Bibi Mosi, shingo zimewauma kwa kutazama juu. Ndani yuko mtani peke yake.

Mwaisha anapanda. Shina halina tawi la karibu, na gome lake linateleza kwa unyevu. Anajivuta, anapumzika, anajivuta tena, mwili ukining'inia kwenye kamba nyembamba kuliko kidole gumba. Matusi yanaendelea kushuka, ya babu wa fulani aliyekula mbegu badala ya kupanda, na Bibi Mosi anayarudisha moja baada ya jingine. Kisha ukungu unammeza Mwaisha, miguu ikiwa ya mwisho.

Na matusi yanakoma.

"Mama Yasmin?" anaita Daktari Grace, akimwita Mwaisha kwa jina la mwanawe. Kimya. "Mama Yasmin! Uko salama?"

Bibi Mosi ameshika kifua. Fidelis ameshaanza kuvua viatu.

Huko juu, kama atakavyosimulia baadaye, Mwaisha ametokeza kichwa juu ya ukungu kama mtu anayeibuka majini. Jua linampiga usoni. Pande zote matawi hayaonekani kwa maua. Ni meupe, makubwa kama viganja, yenye koo la zambarau, na kila moja lina umande na nyuki. Mvumo wa nyuki ni mzito kama wa transfoma, anausikia mpaka kwenye meno. Ng'ambo, vilele vya Uluguru vinaelea juu ya mawingu, na dunia ya chini haipo.

"Nimepanda miti tangu utoto," anasema. "Sikujua kwamba mlima una kitu kama kile na haujamwambia mtu. Nilitaka kutukana, mdomo ukakataa. Nililia tu."

Hatimaye sauti yake inashuka, nyembamba.

"Jamani! Huku juu kuna harusi!"

Bibi Mosi anaketi chini kwenye nyasi. Ameishi kando ya mti huu maisha yake yote, na maua yake ameyajua yakiwa yamelala chini tu.

Tawi linashuka kwa kamba, taratibu kama mtoto mchanga. Mwaisha mwenyewe analitoa nje ya kichaka. Kabla ya kumpa Daktari, anampelekea bibi na kumpigia goti. Bibi Mosi analinusa, analigeuza, anakaa nalo. Daktari Grace, aliyelingoja kwa miaka, hanyooshi mkono mpaka lije lenyewe.

Sasa ua limebanwa kati ya kurasa za magazeti ya zamani, likikauka bapa kwa ajili ya hifadhi ya sampuli za mimea. Ila kazi haijaisha. Linatakiwa tunda pia, ndipo mti uelezwe kikamilifu, na tunda litaiva mwakani. Mwaisha ameshasema atarudi, magoti yakikubali au yakikataa.

"Na nikukute, bibi," alimwambia wakati wa kuagana. "Usije ukaniachia kichaka bila mtu wa kunijibu."

"Nikiwa nimetangulia," alisema Bibi Mosi, "ulale kwenye kaburi langu. Na kuku mmoja usikubali! Mimi si wa kuku mmoja."

Mwaisha alicheka mpaka njia panda. Hapo akageuka kuutazama mti, lakini ukungu ulikuwa umeshaurudisha ndani.

"Namwombea afike mwakani," anasema. "Tunda nitaliiba tu. Ila wizi bila mwenye mali kupiga kelele, huo hauna utamu."