Mafuta ya Kukamulia Kwenye Memori

Memori ya kompyuta yangu ilikuwa imepakwa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Niligundua hivyo alasiri moja hapa Kibirichia, nimeinamia meza ya sebuleni kwa wazazi wangu, kidole kikiteleza mahali ambapo hakikupaswa kuteleza.

Nirudi nyuma kidogo. Kompyuta hiyo niliiunda mwenyewe nilipokuwa nimepanga chumba Nchiru, kipande kimoja kimoja, vingi vikiwa vya mitumba. Nilitaka memori kubwa kwa sababu kazi yangu ni ramani: droni hupiga picha za mashamba kutoka juu, kisha kompyuta huziunga ziwe picha moja yenye miinuko na mabonde yake. Kazi hiyo hula memori. Niliweka vipande vinne vya gigabaiti nane, na kule Nchiru ilisoma thelathini na mbili bila matata.

Niliileta nyumbani kwa ajili ya shamba letu. Msimu uliopita viazi vya jirani wa juu vilinyauka majani yakiwa bado kijani. Ugonjwa huo hukaa udongoni na kusafiri na maji, na ukishaingia shambani, mwenye shamba husahau viazi kwa miaka. Jirani aling'oa kimya kimya na hakuna aliyemuuliza. Baba hana shamba jingine. Alitaka kujua jambo moja kabla ya kupanda: maji yanayotoka kule juu hupita kwetu, au hutukwepa? Kwa macho huwezi kusema, mteremko umelala sana. Picha zilikuwa tayari. Ilibaki kuziunga.

Programu ilifika katikati ikasimama: memori haitoshi. Nikaangalia. Kompyuta ilisoma kumi na sita.

Kompyuta za saiba, zile za kulipia kwa dakika, hazifiki hata nusu ya memori hiyo, na mtandao wa huku hauwezi kumtumia mtu mwingine picha zile mpaka mvua ije na iishe. Kwa hiyo nilizima, nikachomoa vyote, nikaanza kujaribu kimoja kimoja kwa utaratibu. Kipande cha kwanza katika tundu la kwanza: kikasoma. Cha pili, tundu lilelile: kimya. Basi kipande ni kibovu, nikasema. Nikachukua kile kizima nikakiweka tundu la pili: kimya. Basi tundu ndilo bovu. Nikakirudisha tundu la kwanza, mahali kiliposoma dakika chache tu zilizopita. Kimya.

Niliketi chini sakafuni. Kila nilipojaribu, kompyuta ilizidi kupungukiwa. Nilichomeka, nikachomoa, nikaomba kwa sauti, nikachomeka tena. Ikasoma nane. Ndipo kidole kilipoteleza. Nikanusa, na harufu niliijua tangu utotoni.

Baba aliingia na ndoo ya maziwa.

"Baba, umegusa hii mashine?"

"Ulipoenda Meru kununua waya," alisema bila kusita. "Uliiacha wazi, na ukungu umejaa nyumba. Nikachomoa viwili vya karibu, nikaona vina meno mazuri ya dhahabu. Nikasema, haya yatashika kutu."

"Ukapaka nini?"

"Kile napaka redio. Hiyo redio imekaa miaka mingapi, Mama? Umewahi kuona kutu pale kwa betri?"

Huniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mamake, na akiniita hivyo siwezi kumpigia kelele. Ni kweli, redio haijawahi kushika kutu. Huku kwetu ukungu hula chuma, naye hupaka mafuta hayo kila kitu: betri, bawaba, jembe.

"Mwambie na ile kufuli," mama yangu alisema kutoka jikoni. "Aliipaka mpaka sisi wenyewe tukashindwa kuifungua."

"Na mwizi je, aliifungua?" baba akajibu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa. Nilipokuwa nikihamisha vipande kutoka tundu hadi tundu, mimi ndiye niliyekuwa nikisambaza mafuta.

Baba alitazama uso wangu, akaweka ndoo chini. "Nimeiua?"

"Sijui."

Alienda mwenyewe duka la dawa za mifugo, akarudi na spiriti, ile ya kupangusa ng'ombe kabla ya sindano. Vipande nilivisafisha kwa raba na spiriti, vikang'aa. Matundu ndiyo yalinitesa. Meno yake ya ndani ni membamba kama nywele, na mafuta yalikuwa yameshuka huko pamoja na vumbi. Nilisugua kwa mswaki, baba amenishikia tochi.

"Mama, wenzetu wanapanda."

"Ningojee, Baba."

"Mimi naweza kungoja. Mbegu ndiyo imeshaota."

Ilipokauka niliwasha. Ishirini na nne. Tundu la nne halisomi kipande chochote. Ndani yake naona jino moja kama limeinama, au pengine ni kivuli cha tochi, naogopa kuligusa. Nimezigawa picha za shamba katika mafungu madogo, lakini miinuko ya mafungu hayo haikubaliani yakiungwa. Nimerudia picha zote kwa pamoja. Safari hii ramani imefika mbali: inaonyesha wazi mkondo wa maji ukitoka kwa jirani, ukishuka kando ya njia ya ng'ombe, ukija upande wetu. Kisha picha inakatika mita chache kabla ya ua wa shamba letu, memori imeisha.

Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Asubuhi hii baba ametoa magunia ya mbegu stoo na kuyapanga barazani. Ameketi juu ya gunia moja, ananitazama kupitia mlangoni, nami nimechomoa kipande cha nne kwa mara nyingine.