"Alhamdulillahi" Si Kipimo cha Kifafa

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya kifafa mjini Garissa, daktari mkuu alinikabidhi nyundo ya mpira ya kupimia magoti akasema, "Hapa hatuponyi, tunapunguza." Nilikuwa na shahada mbichi, na tai iliyonikaba kwenye joto lile. Nikamwona mzee aliyekata tamaa. Leo nimestaafu mapema, nina miaka hamsini na kitambi, na bado sijatunga sentensi bora kuliko ile.

Walinihamishia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kisha mji mdogo wa Takaba, ambako nilikuwa tabibu, mfamasia na mfunga milango. Dawa yetu ilikuwa vidonge vya fenobabitoni. Wengi viliwatosha. Wengine, hata ukiongeza dawa ya pili na ya tatu, kifafa chao hakisikii.

Niliporudi Garissa ndipo tukaletewa habari ya kifaa. Ni kidude cha ukubwa wa saa ya mkononi, hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wake huzungushiwa neva ya vagasi, ile inayopita shingoni hadi ubongoni. Kila baada ya muda hutuma umeme kidogo. Kuna wanaopata nafuu kubwa, kuna wanaopata ndogo, na kuna wasiopata kitu. Nani atakuwa yupi? Hakuna ajuaye kwa hakika. Soma umeme wa ubongo, tazama moyo unavyoenda mbio mgonjwa anapoanguka, uliza ugonjwa ulianza lini: utakisia vizuri kuliko mpiga ramli. Kidogo tu.

Basi akaja daktari bingwa kutoka Nairobi kuchagua wa kuwekewa. Nilimwita Hodan, binti kutoka kijiji cha Diff, mbali huko mpakani na Somalia, ambaye hakuna kidonge kilichowahi kumfaa. Aliyeingia kwanza ni baba yake, Mzee Noor. Kwetu Wasomali baba husema. Mama hungoja nje na binti.

"Mzee, binti anaanguka mara ngapi kwa mwezi?" bingwa akauliza.

"Alhamdulillahi, daktari."

"Nauliza mara ngapi."

"Iko kidogo tu. Mungu amesaidia."

Kwetu mfugaji hatamki idadi ya ngamia wake mbele ya mgeni, sembuse idadi ya balaa la mwanawe. Kulalamika ni kumnung'unikia Mungu. Nikamweleza bingwa hivyo.

"Bwana tabibu," akajibu bila kuinua macho, "mimi natibu kifafa, sitibu mila. Anayeanguka kidogo hahitaji upasuaji."

Nikatoka nje nikamwita mama, Habiba. Aliingia na binti yake, akamgeukia mumewe, akasema kwa Kisomali, "Baba Hodan, leo heshima yako iache mlangoni." Akapandisha mkono wa buibui la binti. "Hapa aliangukia moto, Ramadhani. Hapa ni chai, wakati wa mvua. Hapa ni juzi. Au nimvue na mtandio mbele ya wanaume, muone kichwa?"

Nikatafsiri. Mzee Noor aliinama.

Bingwa aliyatazama makovu. "Pole sana, mama. Lakini watu wa kuhamahama hawarudi kurekebishiwa kifaa. Hatafaidika."

Hapo nilitamka maneno ambayo chuo kikuu hakikunifundisha. Hatafaidika! Ni kweli nguvu ya kifaa huongezwa hatua kwa hatua, na mashine ya kurekebishia iko Nairobi. Kwa hiyo iliyofeli mtihani si neva ya Hodan, ni barabara ya Diff. Walituambia wanatabiri ubongo. Walikuwa wanatabiri nauli, na wakaiita sayansi.

Hodan alirudi nyumbani na vidonge vilevile. Bado anaanguka.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii mtaletewa kila mara mbinu mpya ya kutabiri nani atafaidika. Zisomeni, nyingine ni nzuri. Lakini mtu akikwambia mgonjwa fulani hatafaidika, muulize kwanza alimsikiliza nani, kisha umuulize ni nini hasa alichopima. Mimi nilichelewa kukasirika. Nilidhani hasira ni ukosefu wa elimu.

Timu ya bingwa inarudi kuchagua wengine baada ya Idi. Mimi si mtumishi tena ila nitakwenda, na mlinzi wa geti ana haki zote za kunifukuza. Namtakia kila la heri. Habiba ameshakubaliana na mumewe kwamba safari hii ataingia yeye kwanza. Na wakimwambia tena kwamba Diff ni mbali, jibu analo:

"Basi mashine ihame. Sisi tunahama kila mwaka."