Ardhi ya Wenyewe

Mume wangu aliletwa Ifakara kutibiwa mguu. Kwao, kusini mwa Afrika, alikuwa kiongozi wa wapigania uhuru. Mguu ulipopona hakurudi kambini kwa wapiganaji wenzake, akanioa mimi. Kaka yangu mkubwa alitukatia shamba ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Jamani, yule mtu alijua kuongea! Kila jioni ilikuwa hiyo hiyo: ardhi ni ya wenyewe, na mgeni aliyeinyang'anya haondoki kwa kubembelezwa, anaondolewa. Kaka aliyameza yote.

Miaka ya tisini Wasukuma wakaingia bondeni na ng'ombe wao. Msimu mmoja, tukiwa tumehamia shambani kulinda mpunga kama kila mtu, niliamka nikakuta ng'ombe wamelala kwenye jaruba langu. Mpunga uliokwisha kutoa masuke ulikuwa matope matupu. Ningempata mwenye ng'ombe ningemng'ata.

Jioni kaka akaja na vijana, wana mikuki na mapanga. Walikuwa wanakwenda kuchoma kaya ya Msukuma mwenye wale ng'ombe, mtu mwenye mke na watoto, na walitaka mume wangu awaongoze. Nani mwingine aliwahi kupigana vita? Mimi nilikuwa upande wao, sifichi.

Lakini mume wangu siku hizo alikuwa amebadilika. Kwao wenzake walikuwa wanazungumza na Wazungu waliowanyang'anya ardhi. Mwanzoni alilaani mazungumzo hayo hadi redio nikaizima, kisha taratibu akaanza kusema kwamba watu watakaa pamoja, wapende wasipende. Jioni ile akakataa kuwaongoza, na kaka akamkumbusha kuwa ni yeye aliyewafundisha kwamba mgeni anaondolewa.

"Shemeji, nilifundisha vibaya," akasema. "Kama ni kufukuza wageni, anzeni na mimi. Mimi nilimtangulia huyo Msukuma."

Kaka akamwonyesha njia kwa mkuki. "Basi na wewe nenda."

Mume wangu akainuka, akatafuta fimbo yake. Nilikuwa na hasira na Msukuma, nina hasira na mume wangu pia, lakini huyu alikuwa wangu. Nikaingia kibandani, nikaanza kukunja mkeka. Nikamwambia kaka kesho tunavuka mto, shamba lake achukue, na mama akiuliza niko wapi atamjibu mwenyewe.

Aliniangalia nikifunga sufuria kwenye kanga. Halafu akakaa chini pale mlangoni, mkuki magotini, na vijana nao wakakaa mmoja mmoja.

"Pika, dada," akasema. "Tule na shemeji."