Rimachi na Neno "Yetu"

Rimachi alikuwa mchunga lama, wanyama wetu wa mizigo na sufu, kwetu milimani. Wahispania walimchukua awasafirishie mizigo, akaokota lugha yao njiani, na padri akamfanya mkalimani. Alirudi amenyolewa nywele, wakati ule tunalazimishwa kuhamia mji mpya bondeni.

Mchana mmoja alifika mbio kwa dada yake, Karwa. Mimi jirani nilikuwepo, tunamenya viazi vya moto kwa kucha.

"Dada, padri anapanda kesho kwenye pango la wafu. Atawachoma moto, asema tunawaabudu. Twende tukamhamishe baba yetu. Nitambeba mimi."

Sasa, kwetu "baba yetu" ziko mbili. Taytanchik ni baba yangu mimi na wewe unayenisikia. Taytayku ni baba yetu sisi, wewe ukiwa nje. Padri alitufundisha kumwomba Mungu kwa taytayku, na Rimachi aliisali kila siku. Ndiyo iliyomtoka.

Karwa akaweka kiazi chini. "Baba yenu? Wewe na nani? Wewe na padri?"

"Ulimi umeteleza, dada."

"Umeteleza mpaka Hispania! Basi kambebeni huyo wenu. Wa pangoni ni wa kwetu."

Mumewe Karwa alicheka mpaka akapaliwa. Rimachi akatazama miguu yake, masikio yamemwiva.

Hata hivyo onyo lake walilifuata. Tulipanda saa ileile, tukamtoa mzee, maiti iliyokaushwa zamani, ameketi magoti kifuani ndani ya nguo zake, mwepesi kama furushi la sufu. Rimachi akanyoosha mikono ampokee. Karwa akamtia mikononi mtungi wa pombe ya mahindi.

"Shika huu. Usimwage."

Akatufuata nao nyuma mpaka pango jingine. Pale, kabla ya kuziba kwa mawe, kila mtoto humsemesha mzazi wake. Zamu ya Rimachi ilipofika alifungua kinywa, akakifunga. Karwa alimngoja kidogo, kisha akaweka jiwe la kwanza.

Padri alikuta pango tupu. Hakuna aliyemshukuru Rimachi, naye hakudai.

Amezeekea huku bondeni, ukuta wetu mmoja. Utamsikia akisema "mzee wa kule juu", "nyumba ya hapa", "watoto wa mle ndani". Kanisani tukifika taytayku, midomo yake haichezi. Na taytanchik pia sijamsikia akiisema tena.